Fremu ya mtu mfupi

Rafiki yangu ana urefu wa sentimita 149, na baiskeli zote alizowahi kununua hapa Dar es Salaam zilimlazimu aruke kutoka kwenye siti kila anapofika kwenye taa. Aliponiomba nimtengenezee fremu yake mwenyewe, nilianza na tepu. Alisimama ukutani bila viatu, kitabu kimebanwa juu kabisa katikati ya mapaja: kutoka hapo mpaka sakafuni ni sentimita 68. Zidisha kwa 0.883, unapata 60, nao ndio umbali wa kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Bomba la juu, pale anaposimama nalo katikati ya miguu, lazima liwe chini ya hizo 68 kutoka ardhini, na mimi nililenga 65.

Kwa mtu wa kimo hiki, gurudumu ndilo linaloamua mambo yote. Tairi la inchi 28, kutoka ekseli mpaka chini, lina sentimita 35 na nusu. La inchi 24 lina 30. Nilikuwa na sentimita 56 kati ya krenki na ekseli ya mbele. Toa tairi, toa mkono mfupi wa krenki wa milimita 152, toa kama sentimita tisa na nusu za kiatu kinachotokeza mbele ya pedeli: kwa inchi 24 inabaki sentimita moja hivi, kwa inchi 28 vidole vinagonga tairi kila anapokata kona. Ndiyo maana baiskeli kubwa iliyopunguzwa bomba la siti tu haimfai mtu mfupi.

"Fundi, hii si ya mtoto wa darasa la tano?" aliuliza alipoona rimu.

Rimu, uma wa mbele, krenki na shingo (bomba fupi la mbele linaloshika uma) nilivitoa kwenye baiskeli chakavu ya inchi 24. Mabomba yalitoka kwenye fremu kubwa iliyogongwa muhuri wa 4130, aina ya chuma imara kiitwacho kromoli. Bomba la maji lingekuwa rahisi kupatikana, ila uzito wake ni wa geti. Mabomba mazuri huwa na ukuta mnene kwenye ncha, kama milimita 0.9, na mwembamba katikati, 0.6. Ukilifupisha upande mmoja tu, kiungo kinaangukia palipo pembamba. La juu na la chini niliyakata kidogo kidogo pande zote mbili. La siti nililikata juu tu, kwa sababu unene wake uko chini, linapokutana na krenki.

Nilichora fremu kwa ukubwa wake halisi kwenye plaiwudi: bomba la siti digrii 74, shingo digrii 70. Ncha za mabomba zilichongwa kwa tupa ya nusu duara mpaka bomba likae juu ya lenzake bila mwanga kupenya. Shaba ya kuungia inaweza kuziba mwanya, lakini ikipoa inasinyaa na kulivuta bomba. Kwenye shingo na kwenye ganda la krenki (kibomba ambamo ekseli ya krenki hupita) nilitoboa matundu ya milimita nne, moja kwa kila bomba. Bila matundu hayo, hewa inayopashwa moto ndani hutafuta njia kupitia shaba iliyoyeyuka na kuacha vishimo.

Ganda lile lina upande wake. Kikombe cha beringi cha kulia, upande wa cheni, hukazwa kinyume na saa. Ukiligeuza ganda ukalichomelea hivyo, fremu nzima ni ya kutupa. Nililigonga alama ya senta panchi kabla ya kuligusa.

Kuchomelea tulikwenda Gerezani kwa fundi wa gesi. Welding ya umeme ingetoboa chuma chembamba namna ile, ilhali shaba njano huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, mbali sana na kiwango cha chuma chenyewe. Unapaka poda ya kuungia (flaksi), unapasha mpaka ing'ae kama maji, halafu ndipo ufito unagusa. Ukiona moshi mweupe umezidisha moto: zinki inaungua, shaba inabaki na vitundu, na moshi huo si wa kuvuta. Kwanza vidonge vidogo vya shaba pande zinazokabiliana, kupima, halafu kuzungusha kiungo chote. Poda iliyoganda haisikii tupa. Ililainishwa kwa maji ya moto na kitambaa.

Moto hupinda tu, hata ukiwa makini. Nilifunga uzi kwenye kucha moja ya nyuma, pale ekseli inapokaa, ukazunguka shingo, ukarudi kwenye kucha ya pili. Kutoka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia zilitofautiana milimita tatu. Bomba la maji la mita moja, likiwa wenzo, liliyarudisha makucha mahali pake, na nafasi kati yao nikaiacha milimita 135 za habu.

Meno ya ndani ya ganda, ya kukazia vikombe, nayo yalikuwa yamepoteza umbo kwa joto. Kifaa cha kuyachonga hakipatikani ovyo, kwa hiyo nilikata mifereji mitatu kwenye kikombe cha zamani cha chuma, nikakipaka oili na kukiingiza nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka kikapita kwa mkono.

Vishikio vya breki ya nyuma nilivipima kutoka kwenye uma wa mbele, ekseli mpaka pini, nikarudia kipimo kilekile. Ilipopakwa rangi akaiendesha, akarudi akitaka keria.