Benja, Sajini na orodha ya watu kumi na wawili

Siku ya kwanza niliyosimama pembeni mwa uwanja kama kocha wa raga, nilimpiga teke mtoto wa maji. Wallahi sikukusudia. Mpira ulikuwa chini, mita tano kutoka nilipokuwa, watu wawili wameuangukia, na nambari saba wetu amezubaa. Mguu wangu wa kulia, uliocheza nambari saba miaka kumi na mmoja, ulitoka wenyewe. Chupa zikabiringika, mtoto akakaa kitako kwenye nyasi, akaniuliza, "Kochi, ulikuwa waenda wapi?"

Mguu wa kushoto ndio ulionistaafisha. Goti lilikatika Nakuru mwaka 2018, kwenye Prinsloo, mashindano ya raga ya wachezaji saba, nusu ya pili, na hakuna aliyenigusa. Niligeuka tu. Nikarudi Mombasa kwa basi la usiku, mguu umenyooshwa katikati ya viti kama mzigo wa mtu mwingine. Mtito Andei kila aliyeshuka kuchimba dawa alinikanyaga, akaniomba radhi, akarudi akanikanyaga tena. Daktari akasema upasuaji. Mwenyekiti wa klabu akasema, "Shika hii saa, uwe wawahesabia vijana dakika saba, usije ukakaa nyumbani ukanenepa." Ndivyo nilivyoingia ukocha. Hakukuwa na barua wala mshahara, na saa yenyewe nilikuja kuibadilisha betri kwa pesa zangu.

Nawaambia haya kwa sababu wiki jana kijana mmoja wa timu aliniuliza mchezaji anakuwaje kocha wa taifa. Alidhani kuna mtihani. Nikamwambia kozi zipo, na vyeti vipo, mimi mwenyewe nimekaa darasani siku mbili nikafundishwa jinsi ya kumfundisha mtu kuangusha mwenzake bila kuvunja shingo ya yeyote. Lakini nilipokuwa nikimjibu, moyoni nilikuwa nikimfikiria Benjamin Ayimba, Benja wetu, na cheti hakikuwamo kabisa katika fikira zile.

Vijana wa sasa hawamjui Benja ipasavyo. Wanajua ile video ya Singapore basi. Sisi tuliokuwa tukicheza miaka ile tulimjua kwanza kama mchezaji: mtu wa klabu ya Impala, wa nyuma ya skramu, pale wa mbele wanaposhikana kusukumana, nahodha wa Kenya, aliyekwenda hadi Cornwall kule Uingereza akacheza na Cornish Pirates wakati Mkenya kulipwa kwa kucheza raga ilikuwa habari ya kusimuliwa matangani. Kisha mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, akakabidhiwa timu ya taifa ya wachezaji saba.

Simama hapo kidogo uifikirie hiyo thelathini. Ni umri wa mtu ambaye bado anaota anacheza. Baadhi ya wale aliowakuta kambini ni watu aliokuwa amevaa nao jezi, amekula nao, anajua nani hukoroma na nani hujificha mazoezi ya kukimbia yakianza. Watu hufikiri kuwajua hivyo ni faida tupu. Mimi nilifikiri vivyo hivyo, mpaka yaliponifika na Sajini, nami nitayaeleza.

Kwanza Dubai. Machi 2009, Kombe la Dunia la wachezaji saba. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi ya ghala kule, akapata mapumziko, akaenda uwanjani na Wakenya wenzake. Huyu ni mtu aliyezoea kunibipu. Kwa miaka miwili sikumbuki kama aliwahi kupiga simu ikalia mpaka mwisho. Siku ya robo fainali, Kenya na Fiji, mabingwa watetezi, alipiga, nikapokea, na sikusikia neno. Alikuwa ameinyoosha simu hewani. Kelele tupu. Nikajua tumeshinda kwa vile hakukata. 26 kwa 7. Tuliwafunga Fiji 26 kwa 7! Nusu fainali Argentina wakatutoa 12 kwa 0, na kombe likaenda kwa Wales, lakini hayo binamu hakunipigia. Mwezi uliofuata, kule Adelaide, Kenya ikaingia fainali yake ya kwanza kabisa ya msururu wa dunia, yale mashindano ya kila mwaka yanayozunguka nchi mbalimbali, ikashindwa na Afrika Kusini.

Wengi wakizungumza kuhusu timu ile wanataja mbio. Mimi nataja mpira wa kuanzisha. Kwa msiojua: kwenye raga ya saba, aliyefunga ndiye anayepiga mpira wa kuanzisha upya, kinyume na ile ya kumi na watano. Maana yake ukifunga, kisha ukaupiga juu ukauwahi mwenyewe, mpinzani wako anaweza kukaa dakika tatu nzima hajaugusa, na nusu yenyewe ni dakika saba. Kenya ya Benja iliugombania ule mpira kama watoto wanaogombania embe lililoanguka. Humphrey Kayange alikuwa akiruka anaudaka juu ya vichwa vya watu, na nduguye Collins Injera tayari anatafuta upenyo. Ile haikuja kwa kipaji peke yake. Ni mtu aliyekaa akahesabu mpira unapotelea wapi, halafu akawarudisha vijana wapige na waruke, wapige na waruke, mpaka wakamchukia. Hapo ndipo mimi naona kuhama kwake kulikamilika. Mchezaji hukumbuka alivyokimbia, na yule alianza kukumbuka mpira ulipoangukia.

Sasa Sajini. Si jina lake, na akisoma hapa atajijua. Tulicheza pamoja miaka tisa. Alikuwa mpambe wangu siku ya harusi, na Nakuru ndiye aliyenibeba mgongoni kunitoa uwanjani kwa sababu machela ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Mwaka 2019 ilinijia zamu yangu ya kwanza kupanga timu yetu kwa mashindano ya Driftwood, nyumbani, Mombasa Sports Club, mbele ya kila mtu anayetujua. Nafasi ni kumi na mbili. Saba wa kuanza, watano wa akiba.

Sajini alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mbio ya kwanza alikuwa mzuri kama zamani. Ya pili, sawa. Ya tatu, mikono kiunoni. Na palikuwa na kijana wa Kisauni, miaka kumi na tisa, mkorofi, anachelewa mazoezi, lakini mbio yake ya tatu ilikuwa kama ya kwanza. Niliandika orodha ile nikiwa kwenye feri ya Likoni nikirudi nyumbani. Nikaiandika tena. Nilivuka, nikafika ng'ambo, watu wakashuka, mabeberu ya mtu yakashuka, na mimi bado nimesimama na kalamu mpaka askari akanipigia kipenga.

Jina la Sajini halikuwamo. Uamuzi ule sijaujutia hata leo. Ninachojutia ni kwamba niliutuma kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, majina kumi na mawili yamepangwa, "Kila la heri vijana", nikazima simu nikalala. Sikumpigia. Sikwenda kwake, na kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Asubuhi nikakuta amejibu kwa kidole gumba.

Jumamosi alikuja. Alikaa jukwaani na mkewe na mtoto, wote watatu wamevaa jezi za klabu. Nilipopita akanyanyuka kwa heshima akasema, "Hujambo, kocha." Miaka tisa yote yule mtu hajawahi kuniita kitu kingine ila "we mwana". Tulitolewa robo fainali, na sikumbuki ni nani aliyetutoa. Hiyo "kocha" naikumbuka.

Kwa hiyo nikiitazama kazi ya Benja nauona upande ule usioonyeshwa na televisheni. Mimi nilimwacha mtu mmoja nje ya mashindano ya klabu, nikakosa usingizi mwezi mzima. Yeye aliwaacha watu nje ya ndege, nje ya Kombe la Dunia, nje ya Olimpiki. Na alifanya mara mbili, kwa sababu alirudi.

Hapa niseme jambo linaloniwasha. Orodha ya makocha wa Shujaa, ndiyo timu yetu ya taifa ya saba, ukiisoma ni kama mawimbi ya Nyali: anakuja wa nyumbani, anakuja mgeni, anarudi wa nyumbani. Baada ya Benja kuondoka 2011 alikuja Mitch Ocholla, kisha Mike Friday kutoka Uingereza, kisha Paul Treu wa Afrika Kusini, kisha Felix Ochieng. Wageni sina ubaya nao. Ile timu ya Friday ilicheza fainali Wellington mwaka 2013 na nusu fainali ya Kombe la Dunia Moscow mwaka huohuo. Ila naona mwenyeji huitwa kama jirani anavyoitwa nyoka akiingia ndani: njoo haraka, na ukishamuua, ahsante, kwaheri. Mwaka 2015 wakamwita Benja.

Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore. Nusu fainali ni Argentina, haohao wa Dubai, safari hii tukawapita. Fainali ni Fiji. 30 kwa 7. Andrew Amonde nahodha, Injera yumo, Oscar Ayodi yumo. Kenya haikuwa imewahi kushinda mashindano yoyote ya msururu wa dunia tangu yaanze. Mimi niliitazama Likoni, kwenye kibanda cha muuza chipsi ambaye hakujua raga ni nini, akawa ananiuliza kila mara, "Kwani goli liko wapi?" Kipenga cha mwisho kilipolia alinipa sahani ya bure kwa sababu alidhani nimepata msiba, nilivyokuwa nikilia.

Miezi minne baadaye, Rio. Raga ilikuwa imerudi Olimpiki, na Kenya ikapoteza mechi zake zote za makundi, hadi Japani wakatufunga. Nafasi ya kumi na moja kati ya timu kumi na mbili. Na Benja akaondoka. Aprili shujaa, Agosti kila mwenye simu anajua alikosea wapi. Mimi pia nilikuwa na maoni yangu, tena kwa sauti, nikiwa na soda mkononi. Sikuwa nimewahi kuandika orodha hata moja.

Aliyeishika timu baada yake alikuwa mtoto wake wa uwanjani, Innocent Simiyu, ambaye sote tunamwita Namcos. Alicheza chini ya Benja, akawa nahodha, kisha naye akavuka. Mwaka 2018 akaifikisha Kenya fainali mbili kwa mfululizo wa wiki chache, Vancouver na Hong Kong, zote akashindwa na Fiji. Akaenda, akarudishwa, akawapeleka Olimpiki ya Tokyo. Amonde naye baada ya Tokyo alivua njumu akashika kipenga. Na Kevin Wambua, mchezaji wa zamani vilevile, alipoichukua timu mwaka 2023 ilikuwa imeshashushwa daraja kwenye msururu wa dunia; miezi michache tu akawafunga Afrika Kusini 17 kwa 12 pale Harare, akakata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Nikiwatazama hawa wakiwa wamesimama pembeni, nawatazama miguu. Wote wana ule mguu mmoja unaotangulia.

Benja alifariki Mei 2021, malaria iliyompanda kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Habari ilipotufikia tulikuwa mazoezini, masharti ya korona bado, vijana wamesimama mbalimbali kama koni. Nikajaribu kuwaeleza alikuwa nani. Nikaanza na Singapore, nikaona wanaitikia kwa adabu tu. Nikaacha. Nikampa mmoja mpira nikamwambia apige juu, na wengine waugombanie, na tukafanya hivyo mpaka giza likaingia.

Sajini sasa huja Jumanne na Alhamisi kuwafundisha skramu. Hatukuwahi kukaa tukayazungumza yale ya 2019. Alikuja tu siku moja na viatu vyake, akaanza kuwapigia kelele wale wa mbele. Bado ananiita kocha, lakini sasa kwa mzaha, au ndivyo ninavyojipa moyo.

Driftwood imekaribia tena, na orodha iko hapa mbele yangu. Majina kumi na mawili. Yule kijana wa Kisauni, ambaye si kijana tena, hayumo. Ana kibanda cha vitunguu na mamake soko la Kongowea, na Sajini ndiye aliyenielekeza: mstari wa tatu ukiingilia upande wa barabara, na kwamba hufungua saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wateja. Nimeweka kengele ya saa kumi na moja. Orodha nitaituma mchana.