Siku niliyouona msuli wa vibonyeo

Dada yangu ana vishimo mashavuni, vile ambavyo vijana huviita dimpozi. Cha kushoto huingia ndani zaidi kuliko cha kulia. Kwa hiyo nilipokuwa mwaka wa kwanza wa udaktari na somo la anatomia likafika usoni, nilisimama karibu kabisa na meza.

Mwili uliokuwa mbele yetu ulikuwa wa mzee aliyeutoa kwa ajili ya masomo yetu, na kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini. Mwalimu alifunua ngozi ya shavu, akaondoa mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya kisu. Ukatokea msuli wa zigomatiki: mkanda mwembamba wa rangi ya kahawia, ukishuka kimshazari kutoka mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo. Ndio unaotuinua midomo tukicheka. Kwa watu wengi ni mkanda mmoja tu. Wa mzee huyu ulikuwa umegawanyika mara mbili, tawi moja likiishia juu kidogo ya pembe ya mdomo na jingine chini yake. Kutoka tawi la chini zilitoka nyuzi nyembamba mno, zikiwa zimeishika ngozi kwa ndani.

Mwalimu akairudisha ngozi mahali pake, akauvuta msuli taratibu kwa kibano. Shavu likabonyea.

"Kwa hiyo, Daktari, pale hapajapungua kitu?" mwenzangu aliuliza.

"Hapajapungua. Ngozi ni nzima, imeshikwa tu. Msuli ukivuta, inaingia, ukilegea, inarudi."

Hapo nikalipenda neno kibonyeo, na hadi leo ndilo ninalolitumia. Kishimo ni shimo dogo, basi. Husema kile jicho linachokiona. Kibonyeo hutokana na bonyea, yaani kuingia ndani kama godoro lililokaliwa, na ndicho hasa kilichotokea pale mezani. Usiku ule nilifukua kamusi hadi macho yakauma. Waarabu husema ghammaza, neno lenye mzizi wa kuminya na kukonyeza. Dimpozi tumelitoa kwa Waingereza, na ndugu yake wa Kijerumani cha kale alimaanisha dimbwi. Wagiriki wa kale waliviita gelasinos, kutokana na kucheka, na katika karne ya 1 mshairi wa Kirumi Martial alilichukua neno hilo akaandika kwamba uso usio nacho haupendezi. Hapo simkubali hata kidogo, maana mama yetu hana hata kimoja na uso wake unapendeza kuliko nyuso zote ninazozijua.

Nilimpigia dada simu nikamsimulia yote. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Sasa mdogo wangu, mbona mwanangu alizaliwa navyo na sasa sivioni?"

Nilimweleza kwamba mashavu ya mtoto mchanga yamejaa mafuta, na kwa baadhi ya watoto kibonyeo hufifia mafuta yale yakipungua. Wengine hubaki navyo maishani. Akataka kujua kama wa tumboni atavirithi. Vitabu vingi huandika kwamba ni jeni moja tu inayotosha kuvileta, lakini ushahidi wa hilo ni mwembamba, na sikutaka kumwahidi. Nilimwambia tusubiri acheke.