Trampolini: samasoti baadaye

Watoto wengi wakipanda trampolini wanataka samasoti, yani kupinduka mzima hewani, hapohapo, naelewa, ndo kitu kinachovutia, lakini kocha mzuri ataanza na kuruka wima tu na kusimama, yani unatua, unakunja magoti kidogo, kitambaa kinatulia chini yako. Kama huwezi kusimama unapotaka, kupinduka hewani utafanyaje?

Halafu unakunja magoti hewani, unatanua miguu, unatua kwa makalio, kwa mgongo, kwa tumbo. Mi napenda sana ile ya kutua kwa makalio, unageuka nusu hewani, unatua tena kwa makalio ukiangalia upande wa pili, maana inakulazimisha kunyoosha mwili wote kabla ya kugeuka, na wengi wanageuka miguu bado iko mbele wanaangukia ubavu.

Mashindanoni rutini ni miruko 10 mfululizo. Mruko wa wima haukupi alama yoyote ya ugumu, robo samasoti 0.1, samasoti nzima 0.5, kila nusu ya kujizungusha kushoto au kulia unaongeza 0.1. Sasa klabu ikimpa mwanao samasoti wiki ya kwanza, jamani mhamishe.