Jimbo la India lina Waziri Kiongozi, na gavana si mkuu wa mkoa

Hapa Dodoma ukitaja "jimbo", mtu anafikiria la uchaguzi: Bahi, Kongwa, Mvumi. Jimbo la India ni habari nyingine. Lina bunge lake, mawaziri wake, polisi wake na kodi zake.

Wengi humfananisha gavana wa huko na mkuu wetu wa mkoa kwa kuwa wote huteuliwa na Rais. Mkuu wa mkoa ndiye mtendaji wa serikali mkoani. Gavana huapisha na kusaini. Mtendaji ni Waziri Kiongozi, cheo ambacho Zanzibar nayo ilikuwa nacho hadi 2010. Mawaziri wake, yeye mwenyewe akiwemo, hawaruhusiwi kuzidi asilimia 15 ya wabunge wa jimbo.

Waziri Kiongozi anaishi kwa kuhesabiwa vichwa. Tazama jimbo la Karnataka, Mei 2018. Viti vilivyopigiwa kura vilikuwa 222, kwa hiyo wingi ni 112. Chama cha BJP kilipata 104, lakini gavana akamwapisha B. S. Yediyurappa wa chama hicho kuwa Waziri Kiongozi na kumpa siku 15 athibitishe wingi wake. Siku 15 ni nyingi mno. Ndizo za kuwarubuni wabunge wa upande wa pili. Mahakama ya Juu ya India ikaamuru kura ipigwe tarehe 19, siku mbili tu baada ya kiapo. Vichwa havikutimia, akajiuzulu kabla ya kura. Aliyemfuata, H. D. Kumaraswamy, naye aling'oka Julai 2019 kwa kura 99 dhidi ya 105.

Serikali kuu, ile ya Delhi, ikitaka kutawala jimbo moja kwa moja, hutumia ibara ya 356 ya katiba. Tangazo lake lazima liidhinishwe na mabunge yote mawili ya taifa ndani ya miezi miwili. Zamani lilitumika ovyo. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1994, katika kesi ya Bommai, ilisema wingi upimwe bungeni, si sebuleni kwa gavana.

Muswada nao hukwama hapohapo kwa gavana: anaweza kuurudisha au kuuhifadhi ili Rais auamue, ila bunge likiupitisha tena uliorudishwa, hawezi kuukataa. Muswada wa fedha harudishi.

Kwenye fedha, tangu Julai 2017 kodi nyingi za mauzo ziliunganishwa kuwa GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, nayo hupangwa na baraza la pamoja la Delhi na majimbo. Petroli na pombe za kunywa zilibaki nje, ndiyo maana bei ya lita hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo.