Jinsi nilivyorudisha usingizi baada ya Nyiragongo

Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, lori likipita tu hapa Birere, mtaa wa Goma, Kongo, usiku, nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango, moyo ukinienda mbio. Kilichonisaidia ni zoezi ambalo watafiti wa Stanford, Marekani, walichapisha matokeo yake mwaka 2023: vuta hewa kwa pua, ongeza nyingine kidogo juu yake mapafu yajae, kisha itoe kwa mdomo polepole mpaka iishe. Dakika 5 kila siku, mwezi mzima. Kwao lilichangamsha hali ya moyo kuliko kutafakari kimya.

Nilikaa kwenye ngazi ya mawe meusi, mkono tumboni. Kila usiku niliolala bila kushtuka nilichora mstari wa mkaa ukutani: juma la kwanza mmoja, la nne mitano. Jana lori lilipita; nililisikia, nikageukia ubavu wa pili.