Sekunde 20 Ndani ya Ile Ndege

Jana tulikuwa tunatazama wanaanga wakielea kwenye runinga, binti yangu akaniuliza, "Mama, moyo wa mmoja wao ukisimama, daktari atamlaza wapi?"

Nikakumbuka ile ndege ya mafunzo, ile inayopanda na kushuka ili sisi madaktari tuelee kwa sekunde chache kama wanaanga.

Darasani tulishajifunza mengi: jinsi maji ya mwili yanavyopanda kichwani, uso ukavimba na miguu ikakonda, jinsi mifupa ya nyonga inavyopungua kwa zaidi ya asilimia moja kila mwezi. Mtihani nilifaulu vizuri.

Ndege ikapanda, kisha uzito ukatoweka. Tulikuwa na sekunde 20 na ushee. Sanamu ya mazoezi ilifungwa mikanda sakafuni. Nikaweka viganja kifuani pake nikakandamiza, vilevile nilivyofanya wodini miaka yote. Kifua hakikubonyea hata kidogo. Mimi ndiye niliyerushwa. Mgongo ukagonga dari, mikono ikabaki imenyooshwa mbele, inasukuma hewa. Kumbe siku zote kazi ile ilifanywa na uzito wangu, si mikono yangu. Uzito uliporudi, ulirudi karibu mara mbili, nikalala kando ya sanamu nisiweze hata kuinua kichwa.

Mzunguko uliofuata mwalimu akapaza sauti: "Miguu darini!" Nikajipindua kichwa chini, nyayo zikakanyaga dari, viganja vikatua kifuani. Nikasukuma kwa mapaja. Tak! Ule mlio wa sanamu iliyobonyea sentimita 5. Tak, tak, tak. Nikahesabu hadi thelathini na kitu, machozi yakinijaa machoni bila kudondoka, maana hayana pa kudondokea.

Binti nilimweleza kwamba mgonjwa hufungwa mikanda, na daktari husimama kwa mikono juu yake. Akaridhika.

Sikumwambia kwamba mara nyingi huko juu hakuna daktari, ila mwanaanga aliyepewa mafunzo mafupi ya tiba, na sisi tunamwelekeza kutoka huku chini. Kwenye kituo cha anga, kinachoizunguka Dunia, inawezekana: bonge la damu kwenye mshipa wa shingo la mwanaanga mmoja lilitibiwa hivyohivyo. Lakini safari ya Mirihi, sauti yangu inaweza kuchukua dakika 20 kumfikia. Kesho nina darasa la madaktari wapya, na somo lenyewe ni moyo uliosimama.