Siku kabureta zangu zilipopatana

Miezi saba Datsun 240Z yangu ilitetemeka kila niliposimama kwenye taa za barabarani, na nikikanyaga mafuta ilisita kwanza, kama mtu aliyepaliwa na maji. Mafundi wawili hapa Nairobi walinipa ushauri uleule: ng'oa injini, weka ya kisasa. Nilikataa. Injini kama ile, silinda 6 mstari mmoja, lita 2.4, ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Ukiing'oa unabaki na bodi tu.

Jumapili moja nikijaza petroli Westlands, mzee mmoja alikuja akasimama karibu na boneti. Hata salamu hakutoa. Alisikiliza nilipowasha gari, kisha akasema, "Binti yangu, kabureta zako hazipatani," yaani vile vifaa viwili vinavyochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Kumbe naye ana 240Z. Akanialika kwake Jumamosi.

Nilikuta wenzake wawili wananingoja, kila mmoja na 240Z yake uani, chai na mandazi mezani. Mzee alifungua kofia za kabureta zangu, akaniita nitazame. Ndani kukavu. Kabureta hizi zina pistoni inayopanda kadiri hewa inavyoingia, na mafuta mepesi (oili) ndani yake huizuia isiruke ghafla. Yakikosekana, ukikanyaga tu pistoni inaruka, hewa inaizidi petroli, gari linasita. Miezi saba, na hakuna fundi aliyewahi kufungua pale!

Kisha akanipa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Ya mbele hulisha silinda tatu, ya nyuma tatu, na mvumo wa hewa lazima ulingane. Ya nyuma ilivuma, ya mbele ilinong'ona. Mzee hakugusa skrubu hata moja. "Sikiliza tena, mama," ndiyo yalikuwa maneno yake, nami nageuza kidogo, nasikiliza, nageuza. Ilituchukua saa nzima, hadi masikio yangu yakashindwa kutofautisha ipi ni ipi. Mtetemo ukaisha.

Kofia moja ya kabureta zangu ilikuwa na ufa. Mmoja wa wale wenzake, mwalimu mstaafu, aliifungua yake bila kusema neno, akanifungia, akarudi nyumbani kwa matatu. Gari lake lilibaki pale wiki tatu tukingoja spea kutoka Japani. Nilijaribu kumlipa, aliudhika kweli.

Spea ilipofika tuliteremka sote wanne hadi Mai Mahiu, magari yamefuatana, Bonde la Ufa limetandaa kushoto. Tulipoanza kupanda kurudi Limuru, mwalimu aliwasha taa kunipisha nitangulie. Alitaka kuisikiliza yangu kutoka nyuma.